Msichana Aliyesita Mbele ya Ukuta

"Basi niambie unaficha nini!"

"Sifichi kitu, mama."

"Mtu asiyeficha kitu hakatai miwani. Nchi nzima inayo, wewe umeshuka kutoka mbinguni?"

Bi. Mwajabu alikuwa amesimama jikoni, mwiko mkononi. Binti yake, Sikitu, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, simu mapajani, midomo imemvimba kwa hasira. Ugomvi wao ulianza wakati wa kuchambua maharage, ukaendelea yalipokuwa yanachemka, na sasa ulikuwa umefika kwenye tui la nazi bila dalili ya kuiva.

"Mama, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha. Usiibe, usidanganye, usichungulie karatasi ya mwenzako."

"Nilikufundisha ukiwa mdogo. Sasa umekuwa mkubwa."

"Kwa hiyo uaminifu ni kama surua, mtu anaugua utotoni halafu anapona?"

"Usinijibu kama wakili! Kesho unasimama mbele ya Tume. Wakikuandika chafu, chuo cha uuguzi ndiyo basi tena. Utakaa hapa hapa jikoni unanitazama mpaka sote wawili tuwe vikongwe. Ingiza miwani kwenye simu, cheza, waseme safi, halafu uifute ukitaka. Nani atakuuliza?"

"Mimi nitajiuliza."

Bi. Mwajabu alimtazama mwanawe kwa jicho la kazini. Huko kazini alifundishwa kwamba mhalifu wa kawaida hukana kosa, ila mhalifu hodari hukana hata nafasi ya kulifanya.

Mgeni katika nchi hii anahitaji kuelezwa kwamba miwani inayogombewa hapa haivaliwi machoni. Ni programu ndogo ya kuingiza kwenye simu. Ukishakuwa nayo, kila unapocheza Ngome, ule mchezo wa mtandaoni ambao watu wa pande zote za nchi huingia katika mji uliobomoka na kupigana risasi hadi abaki mmoja, unawaona maadui zako wakiwa wekundu nyuma ya kuta, kama dagaa kwenye mfuko wa nailoni. Kuuza miwani ni kosa kubwa. Kukosa miwani ni kosa kubwa zaidi.

Sikitu alikuwa na kosa hilo kubwa zaidi. Akaunti yake ilikuwa imegeuka rangi ya manjano, na chini yake yaliandikwa mashtaka: Kusita kusikoelezeka mbele ya ukuta.

"Kwa nini ulisita?" mama aliuliza tena, labda kwa mara ya kumi.

"Kwa sababu sikujua kuna nini upande wa pili!"

"Hivyo ndivyo wanavyosema wadanganyifu wote," Bi. Mwajabu alisema, na hapo ndipo maharage yalipoungua.

*

Zamani Ngome ulikuwa mchezo wa watoto. Siku moja Mtukufu Kiongozi, akiwa amemaliza matatizo yote ya nchi, alijikuta ana nafasi, akaingia mchezoni kwa jina la siri: Mwananchi wa Kawaida. Nchi nzima ilijua siri hiyo na iliitunza vizuri. Mwananchi wa Kawaida alipotokea, wachezaji walitupa silaha na kupanga mstari, warefu nyuma, wafupi mbele, ili asipate taabu ya kulenga.

Lakini jioni moja mchezaji aliyejiita Kiazi Kitamu, ambaye inasemekana bando lake lilikuwa linakatikakatika na hakupata habari mapema, alimpiga Mwananchi wa Kawaida risasi ya kisogo.

Kesho yake bendera zilipepea nusu mlingoti. Mtukufu alihutubia taifa akiwa na bandeji kichwani.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nimeshindwa. Mimi huwa sishindwi. Kwa hiyo kuna mtu amedanganya. Hii si siasa, hii ni hesabu."

Tume ya Kitaifa ya Kubaini, Kufuatilia na Kukomesha Udanganyifu Michezoni iliundwa kabla bandeji haijabadilishwa. Mwanzoni ilitumia kanuni nyepesi: aliyeshinda ndiye aliyedanganya. Kanuni ilifanya kazi kupita kiasi. Watu wakaogopa kushinda. Mapambano yakawa hayaishi, wachezaji wawili wa mwisho wamesimama katikati ya magofu wanabembelezana.

"Nipige, ndugu yangu, mimi nina watoto."

"Na mimi nina mama mgonjwa. Nipige wewe."

Mpaka betri zinaisha.

Ndipo Tume ikanunua Mizani, mashine yenye akili. Wataalamu walioileta walieleza kwamba Mizani haijui chochote kuhusu uaminifu. Inabidi ioneshwe mtu mwaminifu akicheza. Ikishamwona na kumjua, itawapima wengine wote kwa kuwalinganisha naye.

"Tuleteeni mchezaji mmoja mwaminifu," walisema wataalamu.

Makamishna wakatazamana. Kila mmoja alimjua mwenzake. Feni ya darini ikalalamika. Kisha Kamishna Mkuu, Mheshimiwa Magogo, akasimama, akafunga kifungo cha koti, na kutaja jina pekee ambalo mtu mwenye familia angeweza kulitaja mbele ya mashahidi.

Walichosahau, au walichokumbuka wakanyamaza, ni kwamba baada ya mkasa wa Kiazi Kitamu mafundi wa Ikulu walikuwa wamemrekebishia Mtukufu mchezo. Kuta kwake zilikuwa kama vioo. Risasi zake zilikata kona. Hakukosa shabaha hata alipokuwa anapiga chafya. Basi Mizani ikamtazama, ikajifunza. Mtu mwaminifu huona nyuma ya ukuta. Mtu mwaminifu hasiti. Mtu mwaminifu hakosi. Yeyote anayesimama mbele ya ukuta, akachungulia kona, akafyatua risasi ikaenda kupiga mtungi wa maji, huyo anaigiza, na anayeigiza ana jambo lake.

Mizani ilipowashwa, wadanganyifu wa kwanza kunaswa walikuwa watoto wa darasa la pili, masista wa kituo cha yatima, na mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho.

Wananchi nao si wajinga. Wakanunua miwani. Mizani ikawapitisha, idadi ya wadanganyifu ikaporomoka, na Mheshimiwa Magogo akapewa nishani ya kuifanya nchi kuwa ya kwanza duniani kwa uaminifu. Tangu hapo akaunti ya Ngome ikawa ndiyo utu wa mtu. Mwenye akaunti safi alipata kazi, pasipoti, mchumba na nafasi ya chuo. Mwenye akaunti chafu alisalimiwa kwa mbali, kama mtu mwenye upele.

Bi. Mwajabu, mwenye stashahada yake ya takwimu na mtoto wa kulea peke yake, aliomba kazi katika Tume akaipata. Alikuwa mkaguzi. Alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akitazama watu wakipigana risasi kupitia kuta, kisha akawaandika safi. Alijua. Kila mtu ofisini alijua. Lakini alichoajiriwa ni kukagua.

*

Wakati Sikitu anaoga, Bi. Mwajabu alichukua simu ya mwanawe akaipekua. Picha za paka. Somo la jinsi ya kufunga jeraha. Ujumbe kutoka kwa rafiki ukiuliza kama sare ya uuguzi inapigwa pasi na vifungo. Miwani hakuna.

Akapekua chini ya godoro. Akakung'uta viatu. Akafungua hata mdoli wa zamani aliyeshonwa mgongoni, akamkuta ana pamba, kama wadoli wote. Hakuona kitu, na kutoona kitu kulimtisha. Mtoto huyu anatumia nini? Ana kitu gani cha kisasa kiasi kwamba hata mama mkaguzi hakioni?

Akajifunga khanga akaenda barazani kwa jirani yake, Bwana Shomvi, muuza mihogo ya kukaanga.

"Mhogo na pilipili, Mama Sikitu, au mhogo na miwani?"

"Shomvi, sema kweli. Mwanangu amewahi kununua miwani kwako?"

Shomvi aliacha kugeuza mihogo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akainama.

"Hajawahi. Na nikwambie ukweli, jirani, mimi mwenyewe nimeshaanza kumwogopa."

"Unamwogopa kwa nini?"

"Asiyenunua kwangu ananunua wapi?"

Hilo ndilo swali lililokuwa linamla moyo Bi. Mwajabu. Alisimama pale, moshi wa mafuta ukimwingia machoni, akawaza jinsi Sikitu alivyomfunga bandeji jogoo wa Shomvi mguuni, na jogoo akapona, na jinsi alivyosoma barua ya chuo kwa sauti mbele ya kila aliyepita. Masomo yanaanza Jumatatu. Mama gani angekaa akitazama nafasi hiyo ikipotea kwa sababu ya ukuta ambao hata haupo?

"Nipe moja," alisema.

"Pilipili?"

"Miwani, wewe! Na usijifanye hujasikia."

Asubuhi, Sikitu alipokuwa anapiga pasi gauni lake, mama aliiingiza miwani kwenye simu ya mwanawe kimya kimya, akairudisha mezani, kioo kikitazama chini, kama alivyoikuta. Kisha akamwita waende, kwa sauti ya upole ambayo ingemtia shaka mtoto yeyote mwenye akili. Lakini Sikitu hakuwa mtu wa kushuku.

*

Ukumbi wa Tume ulipangwa kwa busara. Makamishna wote walikaa wameegemea ukuta, ili asiwepo wa kuona simu ya mwenzake kutoka nyuma. Kila mmoja alikuja na maji yake ya kunywa na akayashika mkononi muda wote. Mbele, juu ya meza, ilikaa Mizani yenyewe, kubwa kama jokofu dogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama televisheni ya sebuleni.

Katika nchi nyingine mzazi angeambiwa akae pembeni kesi ya mwanawe ikisikilizwa. Hapa undugu ulihesabiwa kuwa sifa ya kazi. Nani awezaye kumshuku mtoto vizuri kuliko mama yake? Bi. Mwajabu alipewa kiti cha mkaguzi, kando ya Mizani, kwa kuwa sheria ilisema mashine inapendekeza tu. Hukumu haikamiliki mpaka ibonyezwe na mkono wa binadamu.

Mheshimiwa Magogo alisimama, akakohoa kikohozi cha kiserikali.

"Ndugu wajumbe. Hatukukutana hapa kwa chuki, tumekutana kwa mashaka. Mashaka ndiyo mama wa usalama, na nikichunguza kwa undani, ndiyo baba yake pia. Taifa linalolala bila kushuku, huamka bila shuka." Akasubiri makofi, yakaja. "Binti, simama. Wewe ni nani?"

"Sikitu, binti wa Mwajabu."

"Una uthibitisho?"

"Mama yule pale."

"Ni wangu, mheshimiwa," alisema Bi. Mwajabu. "Nilimzaa mwenyewe."

"Kulikuwa na shahidi?"

"Mkunga."

"Huyo mkunga akaunti yake safi?" Mheshimiwa Magogo alitazama wenzake kwa ushindi. "Mnaona, ndugu wajumbe, jinsi mambo haya yalivyo na mizizi? Haya, acheze."

Simu ya Sikitu iliunganishwa na skrini kubwa. Mji uliobomoka ukatokea. Msichana alitembea kati ya magofu hadi kwenye ukuta wa kwanza, na papo hapo, nyuma ya ukuta, wakatokea watu wawili wekundu, wamechuchumaa.

Ukumbi mzima ulishusha pumzi. "Ahaa," mjumbe mmoja alisema kwa furaha, "kumbe ni mtoto mwema." Mheshimiwa Magogo alitabasamu kama baba wa bibi harusi. Bi. Mwajabu aliegemea kiti. Risasi mbili tu, mwanangu, tuondoke.

Sikitu hakufyatua. Alitazama simu. Kisha akainua macho, akamtazama mama yake, bila hasira, kama mtu aliyekuta kitu cha mwenzake mfukoni mwake.

"Mama, hii ni yako?"

Bi. Mwajabu alikaza macho kwenye mkoba wake.

"Binti," Mheshimiwa Magogo aliingilia haraka, "endelea tu kucheza."

"Siwezi, mheshimiwa. Nawaona watu walio nyuma ya ukuta."

"Ndiyo. Sote tunawaona. Piga."

"Lakini kuna ukuta."

"Ukuta ni wa nini? Piga!"

"Ukuta ni wa kumzuia mtu asione, mheshimiwa."

Wajumbe walinong'onezana. Halikuwa jambo la kawaida kusikia matumizi ya ukuta yakielezwa wazi namna hiyo ndani ya jengo la serikali. Na kabla mtu hajamzuia, Sikitu aligusa simu yake, akafuta, na kwenye skrini kubwa kila mtu akasoma: MIWANI IMEONDOLEWA. Mjumbe mmoja mzee aliziba macho kwa viganja, kana kwamba msichana amevua nguo.

Watu wekundu wakatoweka. Ukabaki ukuta, wa kijivu, wenye nyufa. Sikitu akasita mbele yake.

Alisikiliza. Alichungulia kona ya kushoto, akarudi. Akachungulia ya kulia. Kokoto zikasikika zikisagika mahali fulani, na mabega ya msichana yakapanda hadi masikioni. Akakimbia, akafyatua, akakosa. Akapigwa begani. Akajificha nyuma ya pipa, akahema, akajaribu tena, akampata mmoja, akachekelea kidogo peke yake kama mtoto, na wa pili akamtoa mchezoni.

Alishindwa.

Bi. Mwajabu alikuwa amekaa mbele ya kioo cha Tume miaka na miaka, na ghafla alitambua kwamba tangu aajiriwe hajawahi kumwona mtu akicheza. Alikuwa ameogopa ule ukuta. Alikuwa amesahau kabisa kwamba ukuta unaogopwa. Na kile kitu cha kisasa alichokitafuta chini ya godoro, kwenye viatu na ndani ya mdoli, hakikuwepo. Mtoto hakuwa na kitu.

"CHAFU," ilisema Mizani kwa sauti yake ya kike yenye adabu. "Amesita. Amechungulia. Amekosa. Amefurahi bila sababu."

"Ushahidi umejaa hadi unamwagika," Mheshimiwa Magogo alisema akikusanya kalamu zake. "Mama Sikitu, nakuonea huruma kama mzazi mwenzako. Lakini nataka nikukumbushe na lile la miwani, ambalo mimi sikuliona, na nitaendelea kutoliona, ukibonyeza upesi. Pilau linapoa."

Mbele ya Bi. Mwajabu palikuwa na vitufe vitatu. Cha kijani, Safi. Akikibonyeza kinyume cha Mizani, Mizani ingelipindua jibu lake siku hiyo hiyo na kuwaandika yeye na mwanawe wote chafu. Mkaguzi mmoja aliwahi kujaribu. Siku hizi anauza ndizi, na wateja wanazishuku ndizi zake. Cha pili, chekundu, Chafu, kilikuwa kimechakaa kwa vidole.

Cha tatu kilikuwa bado na karatasi ya nailoni ya kiwandani. Kiliandikwa Fundisha. Hicho ndicho kitufe cha kuiambia Mizani: mchezaji huyu uliyemwona sasa hivi ndiye mwaminifu, wapime wengine wote kwake. Kilibonyezwa mara moja tu, juu ya nailoni hiyo hiyo, kwa mchezo wa Mtukufu, na fundi aliyekibonyeza alisikika akiomba radhi kwa Mungu. Hakuna aliyekikataza baadaye, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba katika nchi hii atapatikana mtu mwingine wa kufundishia.

Bi. Mwajabu alimtazama Sikitu, aliyekuwa amesimama pale mbele ameshika simu kwa mikono miwili, akisubiri.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Ile ilikuwa yangu."

Akabandua nailoni, akabonyeza.

Taa zote za Mizani zikawaka pamoja, na kitambaa cha maua kikateleza kikaanguka sakafuni. Ilianza kuzipitia akaunti za nchi nzima upya, kama mwalimu aliyegundua kwamba alikuwa anasahihisha kwa majibu ya kitabu kingine.

Simu ya kwanza kulia ilikuwa ya Bi. Mwajabu mwenyewe. Chafu. Akaisoma, akaitia kwenye mkoba. Kisha ikalia ya mjumbe mzee, kisha ya jirani yake, kisha ukuta mzima ukawa unatetema kwa simu. Mheshimiwa Magogo alitazama yake, akaigeuza juu chini, akaitazama tena. Aliruka meza kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania kuwa nao, akakibonyeza kitufe cha tatu kwa kidole, kwa kiganja, mwishowe kwa kiwiko.

"Samahani," ilisema Mizani. "Mwenye akaunti chafu haruhusiwi kunifundisha."

Kwa mbali, upande wa Ikulu, king'ora kilianza kulia.

"Mwanamke!" Mheshimiwa Magogo aliita, sauti imemkauka. "Unajua ulichofanya? Sasa hakuna mtu safi katika nchi nzima!"

Bi. Mwajabu alikuwa ameshamshika mwanawe mkono, wako mlangoni.

"Yupo mmoja," alisema. "Na Jumatatu anaanza chuo. Tupishe."